Kisii, Mji wa Mpakani: Vita Vilivyopiganwa Mfunguo Mosi 1332

Wiki chache zilizopita tuliwapeleka wasomaji wetu hadi Kars, mji wa mpakani wa Dola ya Uthmani, uliojengwa juu ya miamba mahali ambapo nchi ya Waturuki inapakana na Kaukasi. Tulisimulia jinsi Warusi walivyoutwaa mwaka 1828 wakaurudisha kwa mkataba. Jinsi walivyouzingira tena mwaka 1855, safari hiyo jenerali wa Kiingereza akiwa ndani ya ngome pamoja na Waturuki, hata njaa ikawashinda. Na jinsi ulivyoanguka mara ya tatu Novemba 1877, usirudi tena mikononi mwa Waturuki kwa miaka arubaini. Baada ya makala hayo, mzazi mmoja wa Kisauni alituletea swali la mwanawe, mtoto wa darasa la nane. Mtoto aliuliza: je, huku kwetu hakukuwa na mji kama huo, ambao wakubwa waliupigania kwa sababu tu ulikaa njiani?

Tulilipenda swali hilo, nasi tuliona haya kidogo kwamba hatukuwahi kulijibu. Mji upo. Upo katika nchi yetu wenyewe, na katika mashamba yanayouzunguka wamelala watu waliokuwa wakiswali kama tunavyoswali sisi. Nao ni Kisii.

Msafiri wa kutoka pwani huufikia mji huo akiwa amechoka. Hulala njiani, huamkia Nairobi, kisha hushuka Bonde la Ufa na kupita Narok, Bomet na Sotik. Baada ya Sotik nchi hubadilika ghafula: vilima vinabanana, migomba na majani ya chai yanapanda hadi kileleni, na udongo ni mwekundu kama uliopakwa rangi. Keroka ni mji ambao upande mmoja wake ni Kaunti ya Nyamira na upande wa pili ni Kaunti ya Kisii. Kisii yenyewe imekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake haina msimu tunaoujua sisi watu wa kusi na kaskazi: hunyesha alasiri ikitaka. Sisi tulipofika tulijikunyata kwa baridi hadi mzee mmoja nje ya msikiti akatucheka, akasema watu wa Mombasa hujulikana kwa mikono iliyofichwa kwapani.

Wenyeji huuita mji huo Getembe, na wengine huuita Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Jina hilo la pili ni historia tosha. Lakini kabla ya Wazungu, milima hiyo ilikwisha kuwa mpaka wa watu. Abagusii, kama wanavyojiita wenyewe, ni wakulima na wafugaji wanaosema lugha ya Kibantu, nao wamezungukwa takriban pande zote na watu wa lugha nyingine: Wajaluo upande wa ziwa, Wakipsigis upande wa mashariki, na Wamaasai kusini. Vijana wao walilala mbali na nyumba za wazazi, katika kambi za kulinda ng'ombe walizoziita ebisarate. Palipokuwa na hatari walijenga boma la mawe au la udongo waliloliita orwaki. Na adui alipozidi, watu walipanda genge la Manga, ambalo leo liko Nyamira, na kutazama kutoka juu ni nani anayekuja.

Vita walivyovikumbuka kuliko vyote ni vile vya Saosao, karibu na mwaka 1892, katika bonde la mto Charachani. Jeshi la Wakipsigis lilikuja kuteka ng'ombe, nalo likavunjwa huko kiasi kwamba kwa muda mrefu halikurudi. Masimulizi ya pande zote mbili yanakubali kwamba waliokufa walikuwa vijana wengi mno. Tunavitaja vita hivi kwa sababu moja: Waingereza walipofika miaka michache baadaye, walikutana na watu ambao walikuwa wameshinda vita vikubwa kwa mkuki na ngao, na ambao hawakuona sababu ya kumwogopa mgeni aliyekuja na watu mia moja.

Mwaka 1905 msafara wa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, ukaingia katika nchi hiyo. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwapo, alieleza baadaye katika maandishi yake kwamba bombom moja ilipigwa mfululizo hata chuma chake kikakaribia kuwa chekundu, na kwamba wenye mikuki walianguka kwa mamia mbele ya singe. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba neno hilo bombom ni la babu zetu. Walilitunga kwa kuusikia mlio wenyewe.

Mwaka 1907 serikali ikafungua kituo pale Getembe. Aliyekiongoza alikuwa kijana wa Kiingereza, Geoffry Northcote, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyarigoti. Kazi yake ilikuwa kutoza kodi ya nyumba na kuwafanya watu watii. Januari 1908, alipokuwa akirudi na ng'ombe waliokamatwa kwa nguvu, kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki mgongoni. Aliyemtia moyo, kwa mujibu wa masimulizi ya huko, alikuwa mama yake mlezi, Moraa wa Ng'iti, mwanamke aliyesifika kwa utabiri na uganga, ambaye aliwaambia wanaume wa Kitutu kwamba kama wameshindwa kuwa wanaume basi wawape wanawake mikuki.

Northcote hakufa. Aliishi akapanda cheo mpaka akawa Gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni wengine. Jeshi lilitumwa mara moja. Nyumba zikachomwa, mashamba yakafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Taarifa zilipofika London zikitaja watu 160 waliouawa bila hasara yoyote zaidi kwa upande wa askari, Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo waziri mdogo wa makoloni, na ambaye miezi michache kabla alikuwa amepita Kisumu kwa matembezi, aliandika kulalamika kwamba haikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi hicho. Lalamiko hilo lilikuja baada ya kazi kwisha. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee wa Kisii wanasimulia hadi leo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na mara kwa mara hutoka sauti huko ya kutaka kirudishwe kizikwe.

Basi hivyo ndivyo mji wa Kisii ulivyokuwa na umri wa miaka saba tu, wenye boma la serikali, maduka ya Wahindi na nyumba za askari, Wazungu walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Vita vilitangazwa mwanzoni mwa Agosti 1914. Waislamu wa pwani na wa bara walikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Mwezi wa Idi uliandama takriban tarehe 22 ya Agosti. Wakati huo huo, kule Mwanza, Wajerumani walikuwa wakipanga safari. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikomea Kisumu, ukingoni mwa ziwa. Aliyeishika Kisumu alishika njia ya Uganda, meli za ziwani, na mwisho wa reli yenyewe. Na aliyetaka kuifikia Kisumu kwa miguu kutoka mpaka wa Wajerumani, bila kutegemea meli, ilimpasa apite katika milima ya Kisii. Hapo ndipo thamani ya mji huo mdogo ilipokuwa. Haukuwa na dhahabu wala bandari, bali ulikaa njiani, kama Kars ilivyokaa njiani kwa aliyetaka kwenda Erzurum.

Kapteni Bock von Wülfingen alivuka mpaka mapema mwezi wa Septemba na kikosi cha Wazungu wapatao hamsini, askari Waafrika zaidi ya mia mbili, na rugaruga, yaani wapiganaji wa kujitolea wasio na sare, pamoja na bombom na mzinga mdogo. Maafisa wa Kiingereza wa Kisii, ambao hawakuwa na jeshi la kutosha, waliondoka mjini. Tarehe 11 Wajerumani wakaingia bomani bila kufyatua risasi nyingi.

Upande wa pili, askari wa KAR, mia mbili na ushei, chini ya Kapteni Thorneycroft, walikuwa wametoka Kisumu kwa meli hadi Kendu Bay, kisha wakapanda milima kwa miguu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1914, walitokeza kwenye vilima vinavyouangalia mji, wakawakuta Wajerumani chini. Ilikuwa ni mwezi wa Mfunguo Mosi, mwaka 1332 wa Hijra, wiki tatu hivi baada ya Idi.

Walipigana kutwa nzima. Vita vya Kisii havikuwa na mbinu za kusifiwa. Vilikuwa ni watu waliolala kifudifudi nyuma ya mawe na majani, wakipigana risasi tangu asubuhi hadi jua kutua. Thorneycroft aliuawa. Maafisa kadhaa wa Kijerumani waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Risasi za Waingereza zikaanza kwisha. Na usiku ulipoingia, likatokea jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa na maiti ndani yake: kila upande ulidhani umeshindwa, na kila upande ukarudi nyuma. Waingereza walirudi kwenye njia ya ziwani. Wajerumani walirudi kwenye njia ya mpakani, wakiwaacha baadhi ya majeruhi wao. Mji ukabaki mtupu.

Sasa turudi kwa wale askari, kwani huko ndiko anakotaka kutupeleka yule mtoto wa Kisauni, ingawa hakujua.

Waliokuwa wakipigana pale hawakuwa Wajerumani na Waingereza. Maafisa walikuwa hao. Wapiganaji walikuwa Waafrika, na katika pande zote mbili Waislamu hawakuwa wachache. Asili ya majeshi yote mawili inakwenda kisima kimoja. Katika karne ya 19 Misri, ambayo kwa sheria ilikuwa sehemu ya Dola ya Uthmani, ilipeleka majeshi kusini hadi karibu na chemchemi za Nile. Gavana wa mwisho wa jimbo hilo la Ikweta alikuwa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyewahi kuwatumikia Waturuki kule Albania kabla ya kuja Sudani. Vita vya Mahdi vilipomkatia njia ya kurudi, askari wake, tunaowaita Wanubi, walibaki wamekwama kusini na wake zao na watoto wao. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwakuta Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, chini ya kiongozi wao Selim Bey, akawachukua kumtumikia Uganda. Hao ndio waliokuwa shina la askari wa Uganda, na baadaye la KAR, ilipoundwa mwaka 1902.

Miaka miwili kabla ya Lugard kufika Kavalli, Mjerumani Wissmann alikuwa amekwenda Cairo. Alikuwa akitaka watu wa kuwapigania Wajerumani dhidi ya Abushiri na watu wa mrima. Aliajiri kiasi cha Wasudani mia sita, wengi wao askari waliokuwa wameachishwa katika jeshi lilelile la Misri. Nao ndio waliokuwa shina la jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, kabla ya kuongezewa Wanyamwezi, Wamanyema, Waswahili na wengineo.

Basi mtu na aipime hesabu hiyo mwenyewe. Mwaka 1880 askari wa Misri alikuwa akila mshahara wa Khedive chini ya bendera ya mwezi mwandamo. Mwaka 1914, pale Kisii, vijana waliolelewa katika kambi zilizoanzishwa na askari kama huyo walikuwa wamelala nyuma ya mawe yanayotazamana, huyu kwa ajili ya Kaisari wa Berlin, huyu kwa ajili ya Mfalme George. Wote wawili waliamrishwa kwa Kiswahili au walizungumza Kiswahili kambini. Aliyepiga kelele kwa kiu upande mmoja, upande wa pili walifahamu anachotaka. Na waliokufa pale, aliyekuwa Mwislamu miongoni mwao alistahili kuoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa, au kuzikwa na nguo zake kama hali ilivyoruhusu. Lakini wenzake wa pande zote walikuwa wameondoka usiku.

Tumesikia watu wakisema, katika mihadhara na katika barza, kwamba askari hao walikuwa wamedanganyika. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Askari wa KAR alilipwa mshahara, alipewa nguo, na familia yake ilikuwa na mahali pa kukaa. Mnubi hakuwa na nchi ya kurudi. Mmanyema aliyekuwa upande wa Wajerumani huenda aliwahi kuwa mtumwa, na bunduki ndiyo iliyomfanya aitwe bwana. Kabla ya kumlaumu mtu huyo ni vyema kujiuliza, angepewa kitu gani kingine? Lakini vilevile hatuwezi kusema kwamba ilikuwa sawa, kwani askari haohao, au kaka zao, ndio waliotumwa kuchoma nyumba za Kitutu mwaka 1908. Mgusii wa siku hizo hakumjua Mwislamu kwa msikiti wala kwa biashara yake. Alimjua kwanza kwa kofia nyekundu ya tarbushi na bunduki. Jambo hilo tulizungumza nalo kwa uwazi na ndugu zetu wa Kisii, ambako mtaa wa Wanubi upo hadi leo, nao hawakulikana.

Mji ulipobaki mtupu, wenyeji walishuka kutoka vilimani. Walikuwa wameshinda siku nzima wakiwatazama Wazungu wakiuana, na kwa macho yao walikuwa wameona pande zote mbili zikikimbia. Walilofahamu ni moja: Wazungu wamekwisha. Waliingia katika ofisi na maduka, wakachukua walichokuta. Wakaiendea misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, iliyoanzishwa mwaka 1911, nayo ikaporwa, na misheni ya Waadventista vilevile.

Fikra hiyo haikuzuka siku hiyo. Mwaka uliotangulia, 1913, mtu wa Alego aitwaye Onyango Dunde alikuwa amesema kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza akamtapika na kumpa ujumbe: Wazungu wataondoka, na watu waziache dini na nguo zao. Ujumbe huo ulipanda milima hadi Kisii. Huko ulikuta kumbukumbu ya Sakawa, mtabiri wa Kigusii wa zamani, ambaye watu walisema alitabiri kuja kwa wageni na kuonyesha mahali ambapo mji utajengwa pale Getembe. Kwetu sisi Waislamu mambo ya nyoka na utabiri hayana nafasi. Hata hivyo msomaji asiyaone kuwa ni ujinga mtupu. Watu waliochomewa nyumba mara mbili katika miaka mitatu hawakuhitaji nyoka kuwaambia kwamba wanataka wageni waende zao.

Waingereza walirudi haraka. Kisii ilishikwa tena, na katika siku zizo hizo meli zao za ziwani, Winifred na Kavirondo, zikawaondoa Wajerumani Karungu. Kilichofuata wenyeji walikwisha kukijua: nyumba kuchomwa, ng'ombe kukamatwa, watu kupigwa risasi, faini kwa ukoo mzima. Wajerumani waliokuja na mzinga walirudi kwao na hawakulipa kitu. Aliyelipa gharama za vita vya Kisii ni Mgusii ambaye hakupigana. Tena baada ya hapo vijana wake walichukuliwa kuwa wapagazi katika jeshi la uchukuzi, lile ambalo jina lake limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika jeshi hilo, kwa hesabu za serikali yenyewe, walikufa zaidi ya watu 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa.

Imani ya Mumbo haikufa. Serikali iliwaandama wafuasi wake, na baadhi ya viongozi ikawahamisha mbali na milima yao. Unajua iliwapeleka wapi? Lamu. Wazee wa Kigusii waliozoea mvua ya alasiri na uji wa wimbi walishushwa katika mchanga wa moto, baina ya watu wasiojua lugha yao, wakitazama jahazi. Wakati watu wa Lamu walipokuwa wakienda zao msikitini kwa maulidi, wageni hao walikuwapo. Tungependa sana kujua kama katika nyumba yoyote ya Lamu, Shela au Matondoni kumebaki kauli moja juu yao: alikula wapi, alilala kwa nani, nani alimwonea huruma.

Na Kars? Miezi miwili baada ya vita vya Kisii, tarehe 14 Novemba 1914, Istanbul ilitangaza jihadi na kuwataka Waislamu wote wa dunia wawapige Waingereza, Warusi na Wafaransa. Wajerumani wa Dar es Salaam walifurahi na kuieneza. Waingereza nao wakamwendea Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, ambaye aliwanasihi Waislamu wa pwani wawe upande wa Uingereza. Huku kwetu Mwingereza Wavell, aliyewahi kufika Makka kwa kujificha, aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani akapigana na Wajerumani kusini ya Mombasa hata akauawa Mwele mwaka 1916. Wengi wetu tumepita kando ya mnara wake tusiuangalie. Mwezi uliofuata tangazo lile, Enver Pasha aliwapeleka makumi ya maelfu ya vijana wa Kituruki katika theluji ya Sarikamish, njia ya kwenda kuikomboa Kars. Waliokufa kwa baridi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Na Desemba hiyohiyo Uingereza ikaitangaza Misri kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake, na uzi ule uliowaunganisha Wanubi na Istanbul, ambao ulikuwa umebaki wa karatasi tu, ukakatika.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kama tangazo la Istanbul lingetoka mapema, pale Kisii bunduki zingenyamaza. Lilipotoka, askari Waislamu wa pande zote waliendelea kupigana miaka minne mingine. Mtu akishakula kiapo na watoto wake wakiwa kambini, waraka wa mbali haumfikii upesi.

Maafisa wa Kiingereza waliokufa Kisii wana makaburi yenye majina. Katika jiji letu, barabara ya Jomo Kenyatta, imesimama sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927 kwa heshima ya Waafrika wote waliopigana, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, lakini jina la mtu halimo hata moja. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Tume iliomba radhi. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina nchini Kenya, katika madaftari ya zamani na katika vinywa vya watu.

Kwa sababu hiyo tunaomba jambo. Msomaji ambaye babu yake au babu wa babu yake alikuwa askari wa KAR, au askari wa Wajerumani, au mpagazi wa Kariakor, na ambaye nyumbani kwake limebaki jina, nishani, cheti, au hata kauli aliyoisikia kwa bibi, atuletee ofisini baada ya swala ya Ijumaa. Hatutachagua upande. Wale wa Kisauni wamekwisha kuanza: yule mtoto aliyeuliza swali alikuja juzi na baba yake, amekunja karatasi yenye jina moja la kike, bila jina la baba. Ni la bibi wa bibi yake, Mnubi, aliyekuwa akisimulia kwamba mumewe alipanda meli Kisumu siku chache baada ya Idi.